Pembe ya Shamba ni ya Nani?

Mazungumzo ya redioni. Masomo: Mambo ya Walawi 19:9-10 na 19:23-25, Yeremia 29:4-7

Kama Biblia iko karibu, tafadhali ifungueni katika Mambo ya Walawi, sura ya 19.

Wakristo wengi wakifika katika kitabu cha Walawi huruka. Husema, hiki ni kitabu cha makuhani na sadaka za kuteketezwa, sisi hakituhusu. Lakini angalieni vizuri sura hii ya 19. Katika mstari wa 18 imo ile amri kuu ya kumpenda jirani kama nafsi yako, ambayo Bwana wetu Yesu mwenyewe aliitaja kuwa ya pili kwa ukubwa. Basi kabla ya kufika mstari huo wa 18, Mungu amekwisha kusema jambo jingine katika mstari wa 9. Amesema habari za shamba. Amewaagiza watu wake kwamba wakati wa kuvuna wasimalize pembe zote za shamba, wala wasirudi kuokota masazo, bali wawaachie maskini na mgeni. Kwa hiyo, ndugu, upendo kwa jirani katika sura hii unatangulia kushika jembe, ndipo unapata jina.

Leo tungependa tutafakari pamoja jinsi Wayahudi walivyowafundisha watoto wao kumjua Mungu kwa njia ya kulima na kupanda chakula. Tena tujiulize, sisi wa bara hii ya Mombasa, ambao viwanja vyetu ni vidogo na wengi wetu hawana hati ya ardhi, je, mafundisho hayo yanatufaa nini?

Somo la kwanza ni shukrani. Wayahudi wana mkusanyo wa mafundisho ya wazee wao uitwao Mishna, uliopangwa mnamo mwaka 200 baada ya Kristo. Una sehemu sita, na sehemu ya kwanza inaitwa Zeraim, maana yake Mbegu. Ndani yake mna sheria za mashamba, zaka, miti na mavuno. Lakini kitabu cha kwanza kabisa katika sehemu hiyo ya Mbegu hakianzi na jembe. Kinaanza na sala na baraka. Ni kana kwamba wazee wale walisema: kabla hujatia mbegu udongoni, jifunze kwanza kushukuru.

Na shukrani yao si ya maneno ya jumla tu. Myahudi akitaka kula tunda la mti, kama embe au chungwa, humshukuru Mungu aliyeumba tunda la mti. Akitaka kula kiazi, kunde au mchicha, humshukuru Mungu aliyeumba tunda la ardhi. Je, ndizi? Hapo mtoto wa Kiyahudi hufikiri kidogo. Mgomba ni mrefu, unafanana na mti. Lakini shina lake halina ubao. Likiisha kuzaa mkungu mmoja hufa, na chipukizi hutoka kando yake. Kwa hiyo ndizi huhesabiwa kuwa tunda la ardhi, si la mti. Mwaona basi? Mtoto yule hawezi kushukuru sawasawa kama hajui chakula chake kimeotaje. Sala yenyewe inamtuma shambani akaangalie.

Hapa kwetu wako watoto wanaoijua mboga sokoni Kongowea tu, ikiwa imefungwa fungu. Ukiwauliza nyanya zimetoka wapi, watakuambia zimetoka kwenye lori. Na ni kweli, malori hushuka kutoka Taita na kutoka mbali zaidi ya huko. Lakini mtoto ambaye hajaona ua la mboga likigeuka kuwa tunda, anaposema asante Mungu kwa chakula, anamshukuru Mungu kwa jambo asilolijua. Yatupasa tumwonyeshe.

Somo la pili ni ile pembe ya shamba. Torati haikutaja kipimo cha pembe hiyo. Wazee wa Kiyahudi wakasema kwamba kwa upande wa juu haina kipimo, mtu aache kadiri apendavyo. Lakini kwa upande wa chini isipungue sehemu moja katika sitini. Yaani mwenye mistari sitini ya mahindi aache angaa mstari mmoja. Tena waliagiza kwamba maskini waruhusiwe kuingia shambani mara tatu kwa siku: asubuhi, adhuhuri na alasiri. Wafafanuzi wao wanaeleza sababu. Asubuhi ni kwa ajili ya akina mama wanaonyonyesha, ambao hutoka watoto wao wakiwa wamelala. Adhuhuri ni kwa ajili ya watoto. Alasiri ni kwa ajili ya wazee, ambao hutembea polepole. Tazameni jinsi walivyowafikiria watu kwa makini! Si kusema tu, njooni, bali kuuliza: yule mama mwenye mtoto mgongoni atafika saa ngapi?

Liko jambo jingine hapo ambalo limetugusa sana sisi watu wa pwani. Katika shamba la nafaka, mwenye shamba hakugawa ile pembe kwa mkono wake. Maskini waliingia wenyewe, wakavuna wenyewe, ili asiwepo mtu wa kujigamba mbele yao wala kumpendelea rafiki yake. Lakini mtende ulikuwa na sheria yake. Kwa kuwa mtende ni mrefu, na mtu angeweza kuanguka, mwenye mti alipaswa kuziangusha tende mwenyewe na kuwagawia maskini chini. Sasa weka mnazi mahali pa mtende. Usimwambie mjane, nenda ukajitwalie nazi, zile kule juu. Mlipe mkwezi, zianguliwe, mjane azipokee akiwa chini salama. Sadaka inayomhatarisha anayeipokea haijawa sadaka bado.

Pengine mtu atasema, mafundisho kama haya yatawafanya watu wavivu. La, hasha. Msomeni Ruthu, sura ya 2. Yule mwanamke mgeni kutoka Moabu aliokota masazo katika shamba la Boazi tangu asubuhi hata jioni, kisha akayapura mwenyewe. Alifanya kazi ya jasho. Boazi hakumpa uvivu, alimpa nafasi. Na kutoka kwa Ruthu alizaliwa Obedi, kwa Obedi Yese, kwa Yese Daudi, na Mathayo amemtaja Ruthu katika ukoo wa Bwana wetu Yesu Kristo. Mpaka leo Wayahudi husoma kitabu cha Ruthu katika sikukuu yao ya majuma, ambayo ni sikukuu ya mavuno. Fikirini, wapendwa: laiti Boazi angekuwa mtu wa kufagia shamba lake lote asibakize kitu, Ruthu angaliokota wapi?

Hata wanafunzi wa Bwana walipopita mashambani na kuvunja masuke kwa njaa, katika Mathayo sura ya 12, Mafarisayo hawakuwashitaki kwa wizi. Waliwashitaki kwa habari ya sabato tu. Kwa nini? Kwa sababu Kumbukumbu la Torati 23:25 lilimruhusu mpita njia avunje masuke kwa mkono, maadamu hatii mundu. Sheria ya shamba ililisha hata wanafunzi wa Yesu.

Somo la tatu ni saburi. Katika Walawi 19:23 Mungu anawaagiza Israeli kwamba wakipanda mti wa matunda, kwa miaka mitatu matunda yake yasiliwe. Mwaka wa nne ni matakatifu, ya kumsifu Bwana. Mwaka wa tano ndipo mwenye mti atakula. Ili kuhesabu miaka hiyo, Wayahudi waliwapa miti mwaka mpya wao wenyewe, siku ya 15 ya mwezi uitwao Shebati, ambayo huangukia Januari au Februari. Siku hiyo hadi leo watoto wao hupanda miti na kula matunda kwa shukrani.

Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Mnazi wetu mrefu huanza kuzaa baada ya miaka sita au saba. Apandaye mnazi anapanda na kungoja. Hutangulia kidaka, kisha dafu, kisha nazi kamili, na hakuna njia ya kuuharakisha. Vijana wetu wanaishi katika wakati wa mambo ya haraka, na mchezo wa kubahatisha kwenye simu unawaahidi utajiri kabla ya jua kuchwa. Kijana aliyepanda mche mmoja na kuumwagilia kwa miaka mitatu bila kula kitu, huyo amefundishwa jambo ambalo mahubiri yetu mengi hayajaweza kumfundisha.

Somo la nne ni pumziko. Kila mwaka wa saba nchi ya Israeli iliachwa ipumzike. Kilichoota chenyewe kililiwa na maskini, na kilichosalia kililiwa na wanyama wa porini. Ndivyo ilivyo katika Kutoka 23. Tena katika mwaka huo, kwa Kumbukumbu la Torati 15, madeni yaliachiliwa. Desturi hii haikufa. Mwaka wa pumziko uliopita katika hesabu yao ulianza Septemba 2021 ukaisha Septemba 2022. Sisi Wakristo hatukufungwa na mwaka huo kama sheria. Mitume waliokutana Yerusalemu, katika Matendo ya Mitume 15, hawakutuwekea mzigo huo. Lakini hekima yake ingali hekima. Udongo wa mchanga uliopandwa mhogo mwaka baada ya mwaka pasipo samadi wala kubadilisha mmea, huchoka. Mtu naye huchoka. Na mwenye deni huchoka kuliko wote.

Wasikilizaji wapendwa, msidhani kwamba haya ni mambo ya Palestina ya zamani tu. Yako karibu nasi. Kule Mbale, mashariki ya Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, wanaishi wakulima waitwao Abayudaya. Mwanzilishi wao alikuwa jemadari wa Kiganda, Semei Kakungulu. Alikuwa Mprotestanti, akaisoma Biblia, na mwaka 1919 akaamua kuishika Torati, akatahiriwa yeye na wanawe. Alifariki mwaka 1928, lakini wafuasi wake waliendelea. Katika miaka ya 1970, wakati wa Idi Amin, ibada yao ilipigwa marufuku, na wengi waliiacha. Wachache waliobaki walishika imani yao kwa siri, huku wakilima.

Mwaka 2004 mkulima mmoja wa jamii hiyo, J. J. Keki, alikwenda nyumba kwa nyumba kwa majirani zake Wakristo na Waislamu, akawaomba waunde pamoja chama cha ushirika cha kahawa. Wakakiita Mirembe Kawomera, maneno ya Kiganda yenye maana ya amani tamu. Myahudi, Mkristo na Mwislamu wakauza kahawa yao pamoja huko Marekani. Na kahawa nyingi ya Uganda hupita wapi kwenda ng'ambo? Hupita hapa hapa kwetu, katika bandari ya Mombasa. Pengine baadhi yenu mnaofanya kazi Kilindini mmepakia magunia ya amani hiyo pasipo kujua.

Huko Rwanda nako, katika wilaya ya Rwamagana, mwaka 2008 kilifunguliwa kijiji cha vijana kiitwacho Agahozo-Shalom. Aliyekianzisha ni Anne Heyman, mama wa Kiyahudi mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akiishi Marekani. Alifuata mfano wa kijiji cha Yemin Orde kule Israeli, kilichowalea mayatima baada ya vita vikuu. Vijana walioachwa yatima na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 waliwekwa katika nyumba kama jamaa, wakasoma shule, na kijiji kikawa na shamba lake. Mtoto aliyeona mikono ya watu ikiangamiza, alitiwa mikononi mche wa kuotesha.

Hatusemi kwamba dini zote ni mamoja. Sisi twamkiri Yesu Kristo kuwa Bwana na Mwokozi. Lakini twasema kwamba Mungu aliyewapa Israeli sheria ya pembe ya shamba ndiye Baba wa Bwana wetu, na si aibu kwa mtoto kujifunza kutoka kwa ndugu yake mkubwa.

Tena bara yetu hii ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1870 Wayahudi walifungua shule ya kilimo karibu na Yafa, iitwayo Mikveh Israel. Miaka michache tu baadaye, mnamo 1874 na 1875, Chama cha Misioni cha CMS kilianzisha Frere Town huku Kisauni, kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Watu wale waliotolewa majahazini walipewa shule, kanisa na vipande vya ardhi vya kulima. Kengele iliyowaonya juu ya wafanya biashara ya watumwa imeacha jina lake mpaka leo, ndipo pale Kengeleni. Na hapo Frere Town, mwaka 1903, ndipo ilipoanza shule ya kuwafundisha wachungaji, ambayo ilihamia Limuru mwaka 1930. Kwa hiyo katika kanisa letu, mafundisho ya Neno na mafundisho ya jembe yalianzia uwanja mmoja.

Sasa twafika mahali pagumu. Mama mmoja wa Likoni alituuliza swali baada ya ibada. Alisema, "Baba mchungaji, mnatuambia tupande. Mimi nakaa katika shamba la mtu. Nyumba ni yangu, ardhi si yangu. Nikipanda mchicha, mwenye shamba hasemi kitu. Nikipanda mwembe, atasema nataka kumnyang'anya ardhi. Je, nipande mti nisioujua utaliwa na nani?"

Hilo si swali la mtu mmoja. Tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, watu wengi wa pwani walijikuta ni maskwota katika ardhi waliyoikalia. Tena ni jambo lijulikanalo kwamba wenye mashamba wengi waliwakataza wakaaji kupanda miti ya kudumu, kwa sababu hapa kwetu mti ni ushahidi. Aliyepanda minazi ana neno la kusema. Kule Likoni, wakaaji wa shamba la Waitiki lenye ekari zipatazo 930 walianza kupewa hati mwaka 2016 tu, baada ya mabishano ya miaka mingi. Wako wengine wengi wasiopata hata leo. Mtu asimwambie mama huyu kwa wepesi, panda tu, Mungu yupo.

Basi tumsikilize Yeremia, sura ya 29. Anawaandikia watu wasio na ardhi kabisa, mateka wa Babeli. Walikuwako manabii wa uongo waliowaambia, msijisumbue, miaka miwili tu mtarudi kwenu. Yeremia anawaambia kinyume chake: wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake, na wauombee mji ule heri. Mungu hakungoja wapate hati ndipo awaagize kupanda. Wazee wa Kiyahudi nao walifundisha kwamba mtu mwenye mche mkononi akiambiwa Masihi amefika, aupande kwanza, kisha aende kumlaki. Na jirani zetu Waislamu watakuambia kwamba Mtume wao alifundisha jambo lililo karibu na hilo, kwamba hata saa ya kiyama ikifika na mtu ana mche mkononi, kama aweza aupande.

Kwa hiyo jibu letu kwa mama yule lina sehemu tatu.

Kwanza, panda kile ambacho hakuna awezaye kukuzuia. Mchicha huwa tayari kwa muda wa mwezi hivi. Majani ya kunde, matembele, mnavu na mchunga havidai hati. Vipande katika gunia lililojazwa udongo na samadi, au katika ndoo iliyotobolewa chini. Maji uliyooshea mboga yamwagilie humo. Siku ukihamishwa, shamba lako utalibeba mkokotenini.

Pili, kuhusu mti, usipande kwa siri wala usikate tamaa. Desturi ya pwani tangu zamani inajua kwamba mti waweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ikawa ya mwingine. Nenda kwa mwenye shamba pamoja na wazee wa mtaa, mpatane, na mapatano yaandikwe: mti ni wa nani, matunda yatagawanywaje, na aliyepanda atalipwa nini akiondoka. Asiyejua kusoma aende na mtu amwaminiye.

Tatu, na hapa hatusemi tena na mama. Twasema na mwenye ardhi, hata kama mwenye ardhi huyo ni kanisa. Katika Walawi 25:23 Mungu anasema kwamba nchi ni yake, na watu wote ni wageni na wapitaji kwake. Maana yake hata mwenye hati ni mpangaji. Isaya 65 inatuahidi siku ambayo mtu hatapanda ili mwingine ale. Basi mtu anayemfukuza mpandaji siku chache kabla ya mavuno anapigana na ahadi ya Mungu. Kama umeamua kuitumia ardhi yako, una haki yako. Lakini mngoje aliyepanda avune kwanza. Hiyo ndiyo pembe ya shamba lako.

Na makanisa yetu? Mengi yana uwanja, ijapokuwa mdogo. Twapendekeza mambo mawili tu. La kwanza, shule ya Jumapili ipewe tuta lake. Mwalimu asome nao Walawi 19, kisha watoto wapande mistari ya mboga, na wao wenyewe wachague pembe ipi itaachwa kwa asiye na kitu. Wakati wa masika wapande, wakati wa vuli wapande tena. Biblia yetu ya Kiswahili, katika Kumbukumbu la Torati 11:14, inataja masika na vuli kwa majina hayo hayo tunayoyatumia sisi. Mtoto asome mstari huo matone yakipiga mabati, hatausahau.

La pili linahusu Jumapili ya mavuno. Tumezoea kuleta mikungu ya ndizi, nazi, kuku na mihogo madhabahuni, kisha vinapigwa mnada, na fedha zinakwenda katika kazi ya kanisa. Si vibaya. Lakini katika mnada anayeshinda ni mwenye fedha. Mjane hushinda nini? Kumbukumbu la Torati 26 linasema kwamba aliyeleta malimbuko alifurahi pamoja na Mlawi na mgeni aliyekuwa kati yao. Basi kabla mnada haujaanza, itengwe sehemu moja katika sitini, au zaidi, na ipelekwe majumbani jioni, kimya kimya, bila kumsimamisha mtu mbele ya watu na kutaja jina lake. Wazee wa Israeli waliilinda heshima ya maskini shambani. Sisi tuilinde kanisani.

Wapendwa, juma hili jiulizeni jambo moja: katika mshahara wangu, katika kibanda changu cha biashara, katika kipande changu cha ardhi, pembe iko wapi? Ikiwa yote yamefagiwa mpaka mwisho, Ruthu wa leo ataokota wapi?

Tuombe. Ee Bwana, mwenye nchi na vyote viijazavyo, twakushukuru kwa mvua ya masika na ya vuli. Uwakumbuke wanaopanda katika ardhi isiyo yao, uwape kula kazi ya mikono yao. Ulainishe mioyo ya wenye mashamba. Uwafundishe watoto wetu kushukuru, kungoja na kugawa. Ulifanye kanisa lako kuwa shamba lenye pembe iliyoachwa wazi, kwa ajili yake Yeye aliyekuja kwetu kama mgeni, Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.